Barua ya wazi kwa BAKITA, BASATA, Bodi ya Filamu na COSOTA: andikeni misimu ya burudani ingali hai

Waheshimiwa wakuu wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), Bodi ya Filamu na Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA),

Tunawaandikia kuhusu misimu, yaani maneno ya mtaani, ya muziki na filamu. Tuanze na neno moja, prodyuza, maana ndilo linalowagharimu watu fedha. Ingia studio yoyote ya muziki Tanzania uulize prodyuza ni nani. Utaonyeshwa aliyekaa mbele ya kompyuta: ndiye anayetengeneza biti, anayemrekodi msanii, anayechanganya sauti na, mara nyingi, anayeumaliza wimbo hadi uwe tayari kwenda redioni. Toka hapo uende lokesheni ya filamu na swali lilelile. Utaonyeshwa mwenye fedha, au aliyezihangaikia, yule anayelipa nauli, chakula na mafuta ya jenereta, ambaye huenda hajawahi hata kushika kamera.

Sasa rudi kwenye sheria. Mkataba wa Roma wa 1961 unamtambua mtayarishaji wa rekodi ya sauti kuwa ni mtu au kampuni inayozinasa sauti hizo kwa mara ya kwanza. Mkataba wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) wa 1996 kuhusu maonyesho na rekodi za sauti ukafafanua zaidi: ni yule anayeianzisha kazi ya kunasa na kuibeba dhamana yake. Kwa kipimo hicho aliyelipia studio anaweza kuwa ndiye mtayarishaji, na yule wa kompyuta akawa fundi mitambo wa kulipwa, au mtunzi mwenza wa muziki, kutegemea walivyokubaliana. Lakini karatasi inayosainiwa husema tu "prodyuza atapata asilimia kadhaa". Kila upande unasaini ukiwa na mtu wake kichwani. Wimbo ukifa, hakuna tatizo. Wimbo ukipaa, ndipo ugomvi unapoanza, na hakuna kamusi wala kanuni ya kuwaamulia.

Prodyuza ni msimu. Wanaisimu hutumia neno hilo kwa maneno yanayozuka katika kundi fulani kwa wakati fulani, na wala si masika na kiangazi, ingawa maneno haya nayo yana masika yake. Kwa miaka mingi taasisi zenu zimeyatazama kama vumbi la barabarani: yatatulia yenyewe, au mvua itayasafisha. Hoja yetu ni kwamba hayatulii. Yanahama kutoka jukwaani hadi kwenye mikataba, magazeti, bungeni na majumbani, na kila yanapohama yanabadilika maana. Hatuwaombi myasanifishe. Tunaomba myaandike, kila neno na tarehe yake, mahali pake na njia lililopita, kabla wanaoikumbuka njia hiyo hawajaondoka.

Tunajua mnao mwelekeo wa kutunga jina rasmi na kulisukuma. Tazameni basi yaliyolipata "muziki wa kizazi kipya". Lilikuwa jina safi, la Kiswahili kitupu, na lilitumika sana katika hotuba na magazeti. Kasoro yake ni kwamba lina saa ndani yake. Kundi la hip hop la Kwanza Unit liliundwa 1993; waliokuwa kizazi kipya wakati huo leo wana watoto wanaorekodi, na baadhi wana wajukuu. Jina linalotaja umri huzeeka na mwenye nalo. "Bongo Fleva" halitaji umri wa mtu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa hai hadi leo.

Kuna sababu nyingine: jina rasmi lilitoka nje ya kundi. Kabla yake kulikuwa na "muziki wa kufokafoka", nalo lilibuniwa na wasikilizaji walioona vijana wanagombeza watu kwenye maikrofoni. Wenyewe wakajichagulia "kuchana", wakaita kazi yao "michano" na beti zao "mistari". Kila fani ina majina mawili, la wa ndani na la wa nje, na mkusanyaji asiyesema lipi ni lipi atawapa wasomaji picha ya upande mmoja. Kufoka ni shutuma. Kuchana ni sifa. Ukiyaweka kwenye kamusi kama visawe umekosea, hata kama yote mawili yanamhusu mtu yuleyule akiwa na maikrofoni ileile.

Bongo Fleva yenyewe inastahili kukaliwa chini. Bongo ni ukubwa wa ubongo: uking'oa u- ya mwanzo unapata kitu kinene zaidi. Lilianza kama jina la utani la Dar es Salaam, mji ambao katika ugumu wa miaka ya 1980 uliaminiwa kuwa hauishiki bila akili nyingi, kisha likatanuka hadi likawa Tanzania nzima. Fleva ilitokana na tahajia ya mitaani ya Wamarekani weusi. Kuunganishwa kwa maneno hayo mawili kwa kawaida huhusishwa na mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One, katikati ya miaka ya 1990, redio za binafsi zilipokuwa bado mbichi na mtangazaji akihitaji namna ya kutenganisha nyimbo za hapa na zile za Marekani katika kipindi kimoja.

Hapo maana ilikuwa moja: chochote cha hapa chenye ladha ile, rap ikiwemo. Baadaye wachanaji wakaanza kujitenga, wakisema wao ni hip hop na Bongo Fleva ni ya waimbaji wa mapenzi. Maana ikasinyaa. Halafu muziki ulipovuka mipaka, msikilizaji wa nje akaita Bongo Fleva karibu kila wimbo unaotoka Tanzania. Maana ikatanuka upya, safari hii kwa upande mwingine. Leo maana zote tatu zinaishi pamoja. Anayeandaa tuzo akafungua kundi la "wimbo bora wa Bongo Fleva" bila kusema anatumia maana ipi atapata malalamiko kutoka pande mbili: mchanaji aliyeingizwa asipotaka, na mwimbaji aliyeachwa akidhani anastahili.

Kwa filamu hali ni tofauti kidogo, na hapa inafaa kutazama dunia. Hollywood lilikuwa jina la viwanja vya kuuza: Harvey Wilcox aliusajili mpango wa viwanja hivyo 1887, kabla ya kamera yoyote ya sinema kufika pale. Hata herufi kubwa zilizowekwa mlimani 1923 zilikuwa tangazo la nyumba, zikisomeka Hollywoodland, na kipande cha mwisho kiliondolewa 1949. "Wood" ilimaanisha miti. Lakini 1932, jarida la American Cinematographer lilipochapisha neno Tollywood kwa ajili ya studio za Tollygunge mjini Kolkata, kipande hicho kilikuwa kimeshaacha miti na kuwa na maana ya "mahali pa filamu". Bollywood ikafuata miaka ya 1970. Kannywood ya Kano ilianza kutajwa 1999, na Nollywood ikafuata 2002 katika gazeti la New York Times, yaani mtoto wa kaskazini mwa Nigeria alitangulia kupewa jina kabla ya baba. Nairobi wana Riverwood, kutokana na River Road. Rwanda wana Hillywood, kwa sababu ya vilima.

Tanzania pia iliwahi kuletewa kiambishi hicho. Jina la Swahiliwood limetumika katika miradi na katika makala za wasomi. Mtazamaji hakulipokea. Yeye alikuwa ameshapata mfano wake nyumbani: kama muziki ni Bongo Fleva, filamu ni Bongo Muvi. Somo hapa ni la kiutendaji. Msimu mpya hushika ukining'inia kwenye msimu uliopo, na huanguka ukining'inizwa kwenye kitu ambacho watu hawakitamki kila siku. Tena Bongo Muvi limeendelea kusafiri: lilianza likiwa aina ya filamu, likawa kundi la watu ("wale Bongo Muvi"), na sasa humaanisha hata mtindo wa maisha unaodhaniwa kuwa wa watu hao. Bodi ya Filamu inapolitumia kwenye taarifa, ijue msomaji anaweza kusoma lolote kati ya hayo matatu.

Kusambaa huku hakukuanza na intaneti. Beni lilitokana na neno la Kiingereza la bendi. Lilianza mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, likaingia Tanganyika likiwa na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa sare, vyeo na majigambo, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowazungusha askari na wapagazi, likabebwa hadi Malawi na migodi ya shaba ya Zambia, ambako likaitwa mbeni. Huko kote halikuwa tena bendi. Lilikuwa ngoma yenye afande, daktari na malkia wa kuigiza. Neno lilikuwa la Kiingereza, maana ikapikwa huku.

Pedeshee nalo lina safari ya namna hiyo. Mzizi wake ni herufi tatu za Kifaransa, PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni. Wakongo waliligeuza kuwa jina la kumtukuza tajiri anayetajwa ndani ya wimbo, ile desturi wanayoiita kutupa libanga. Kiswahili hakina sauti ile ya katikati ya j na sh, kwa hiyo Mtanzania akachagua sh. Kumbi za dansi zikampa kazi mpya: pedeshee ni mwanamume mwenye fedha za kumwaga, anayetunza wanamuziki mbele za watu ili jina lake litajwe. Kisha akatoka ukumbini. Siku hizi pedeshee anaweza kuwa hajawahi kukanyaga kwenye dansi maisha yake yote; inatosha awe anahonga. Anayemwandikia pedeshee fasili ya "mfanyabiashara tajiri" amekosa jambo lenyewe, yaani kuonekana. Tajiri bahili si pedeshee.

Kwa andagraundi na steringi tunaona vilevile jinsi Kiswahili kinavyojichukulia uhuru. Msanii wa chini kwa chini wa Marekani ni yule anayeikataa biashara kubwa ya muziki, na hujivunia kuikataa. Andagraundi wa Tanzania ni yule anayeitafuta biashara hiyo usiku na mchana ila hajatoka bado. Maana zimepishana kabisa, na mashindano ya kuibua vipaji yasiyoeleza hilo hujaza fomu za watu wasiolengwa. Steringi limetokana na "starring", neno la Kiingereza la kwenye mabango na majina ya mwanzoni mwa filamu, lililokuja kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji wa vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, wakaona neno hilo limesimama mbele ya yule asiyekufa, wakaamua ndicho cheo chake. Kiingereza hakina mtu anayeitwa hivyo. Kiswahili kinaye, ana wingi wake (masteringi), na sifa yake kuu inajulikana hadi kwa mtoto: steringi hafi.

Hadi hapa tumetaja maneno yanayoingia katika burudani. Yanayotoka ndiyo yanayowahusu zaidi, kwa sababu yakishatoka yanagusa watu ambao hawana habari na muziki.

Chawa ni mfano mzuri kuliko yote ya miaka hii. Kabla yake tulikuwa na mpambe, neno la heshima la harusini lililoharibika hadi tukapata "wapambe nuksi". Mpambe alimzunguka staa na kumpamba. Chawa anafanya zaidi: anaganda, anapigana vita vya mtandaoni ambavyo bosi wake hajavitangaza, na anakula hapohapo alipoganda. Mdudu alichaguliwa kwa usahihi wa kutisha. Kutoka kwa mastaa neno likahamia kwenye siasa, na huko likafanya kitu ambacho misimu mingi ya matusi hufanya ikizeeka: wakajitokeza watu wa kulivaa kwa fahari, wakisema hadharani kuwa wao ni chawa wa fulani. Tusi limekuwa cheo. Kwa hiyo kidahizo kimoja, yaani neno linaloorodheshwa kwenye kamusi, kinahitaji maana tatu: ya mdudu, isiyo na alama; ya dharau, yenye alama yake; na ya kujivika, nayo na alama yake. Anayerudisha maneno ya mtu kwenye gazeti akaondoa alama hizo anaweza kumfanya aliyejisifu aonekane ametukanwa, au kinyume chake.

Tazameni pia sarufi yake, maana ndiyo inayofichua hatua. Mdudu hubaki chawa, awe mmoja au mia. Watu huwa machawa. Ile ma- ndiyo ambayo Kiswahili huitumia kwa mastaa, maprodyuza, mapedeshee na madansa, yaani watu wa cheo au kazi iliyoingia kutoka nje. Mara wingi wa ma- unapotokea kwenye neno la zamani, jueni maana mpya imeshaota mizizi. Ukija na uchawa, nomino ya hali, imeshazaa.

Msanii ndilo linalotutia haya kidogo kuliandika kwa Baraza la Sanaa. Mtaani msanii ni pia tapeli, na usanii ni maneno matamu yasiyo na kitu ndani. "Acha usanii" haimzuii mtu kuchora. Njia ya maana hiyo inaeleweka: anayejua kuigiza machozi anaweza kuyaigiza na nyumbani. Maigizo na sinema zimepita njia hiyohiyo. "Analeta sinema" husemwa kwa mtu anayezusha vituko kazini. Kuficha maana hizi ili kulinda hadhi ya fani hakusaidii. Mgeni anayejifunza Kiswahili atasikia waziri akishutumiwa kwa usanii na atadhani amesifiwa kwa uchoraji.

Bifu (ugomvi) na kiki (kutajwatajwa) tutayapita haraka, yote mawili yameshahamia kwenye soka na siasa na yanaeleweka. Itoshe kusema kwamba kiki lina tabia ya kubadili mwenye kosa: "kutafuta kiki" ni lawama kwa msanii, "kumpa kiki" ni lawama kwa anayemjibu.

Neno gumu kuliko yote ni ngoma, na ugumu wake unatokana na uzee wake. Ni ala, ni mchezo, ni shughuli nzima ya usiku, na kwa wanamuziki wa leo ni wimbo mmoja uliorekodiwa: "ameachia ngoma". Mechi isipopata mshindi, ni ngoma droo. Na mtaani, kwa sauti ya chini, ngoma ni virusi vya Ukimwi. Wafasiri wa manukuu ya filamu huanguka hapa mara kwa mara. Kinachotenganisha maana ni maneno jirani. Ngoma ya wimbo hutolewa, huachiwa, hupigwa, huwa mpya au kali. Ngoma ya ugonjwa husimama peke yake baada ya "ana", bila kivumishi. "Ana ngoma mpya" na "ana ngoma" zimeachana kwa neno moja tu, na ukiliruka katika kichwa cha habari kuhusu mtu halisi umemchafulia jina. Kamusi yenye fasili tupu haitamwokoa mhariri. Inayotoa mifano ya maneno jirani itamwokoa. Hatari kama hiyo iko kwenye "ameua", sifa kubwa ya jukwaani ambayo mashine ya kufasiri isiyofundishwa matumizi haya humgeuza mwimbaji kuwa muuaji.

Sasa, namna ya kuandika. Tunapendekeza kadi moja kwa kila tukio la neno, si kwa kila neno. Kadi ibebe neno kama lilivyotamkwa au kuandikwa, sentensi nzima, pamoja na iliyotangulia, tarehe kamili, chombo (redio, gazeti, wimbo, maongezi, bango), mahali, na msemaji kwa kazi yake, si kwa jina lake: mtangazaji, promota, shabiki, kondakta wa daladala. Chini yake mkusanyaji aandike maana kwa maneno yake, ngeli na upatanisho uliosikika, na neno lingine ambalo lingeweza kukaa pale. Hilo la mwisho hupuuzwa, nalo ndilo lenye faida kubwa. Ukiona mahali ambapo zamani paliwekwa "mpambe" sasa pamewekwa "chawa", umeshika badiliko likiwa mbioni.

Neno lisiingie kwenye rejista hadi liwe na kadi 5 kutoka vyanzo 3 visivyotegemeana, zikiwa zimeachana kwa miezi 12 au zaidi kati ya ya kwanza na ya mwisho. Chini ya hapo huenda ni utani wa kipindi kimoja cha redio. Vyanzo 3 visivyotegemeana maana yake si kurasa 3 zilizonakiliana. Siku hizi neno moja la mtangazaji hurudiwa na kurasa mia kabla ya saa ya chakula, na zote ni chanzo kimoja.

Nyimbo zitumike kwa tahadhari. Zinavutia kwa sababu zina tarehe, lakini mtunzi anayewinda vina hulazimisha neno mahali ambapo mtaani lisingekaa. Maongezi ya mtangazaji kati ya wimbo na wimbo ni ushahidi bora zaidi, na Taarifa Rasmi za Bunge ni bora kwa jambo moja mahususi: kuonyesha lini neno lilitoka nje ya burudani. Tangu 2010, Mbeya Mjini ilipomchagua Joseph Mbilinyi, Sugu wa jukwaani, lugha ya Bongo Fleva imekuwa na kiti ndani ya ukumbi ule. Taarifa hizo zina tarehe, zina msemaji, na ni za umma.

Makosa yanayojirudia tumeyaona kuwa haya. La kwanza ni kuchukua tarehe ya kwanza ya kuchapishwa kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa. Neno la mdomo huweza kutangulia maandishi kwa miaka. La pili ni kumuuliza mtu mmoja, tena staa, ambaye atajipa ubaba wa neno bila aibu. Waulizwe wanaotengeneza, wanaouza na wanaosikiliza, kila kundi peke yake. La tatu ni kudhani Dar es Salaam ndiyo nchi. Kuna misimu iliyozaliwa Arusha, Mwanza na Tanga ikafika Dar ikiwa mtu mzima. Na mpaka wa Kenya nao usisahauliwe: Mtanzania alizoea kubamba kuwe ni kumkamata mwizi, Mkenya akazoea kuwe ni kufurahisha, na redio zilipovuka mpaka "ngoma imebamba" ikaanza kueleweka kote. Mkiandika maana moja bila kutaja upande, mmemdanganya msomaji wa upande wa pili.

La nne ni tahajia. Fleva, flava, prodyuza, produza, muvi, movie. Mkusanyaji anayetafuta umbo moja hupata robo ya ushahidi na kutangaza kuwa neno ni adimu. Chagueni umbo moja la kidahizo, lakini orodhesheni mengine yote chini yake.

La tano linahusu maneno yanayofanana na sarufi ya kawaida hadi hayaonekani. Zilipendwa ni kitenzi kamili, sentensi nzima ya neno moja. Kwa sarufi ya darasani, nyimbo za zamani zingekuwa "zilizopendwa". Lakini umbo fupi liliganda kwenye redio likawa jina la muziki, kisha likawa jina la mtu: "huyo ni zilipendwa wangu", yaani mpenzi wa zamani. Kitenzi cha ngeli ya nyimbo kimepewa "wangu" na kimekuwa binadamu. Kuchuja nako kunapita bila kugunduliwa. Ni neno la kanga iliyotoka rangi baada ya kufuliwa. Staa aliyechuja bado anavaliwa, ila si kwenye sherehe. Programu ya kompyuta inayosaka maneno mageni haitayaona haya mawili hata siku moja, kwa sababu hayana ugeni wowote. Yanahitaji sikio.

Kuhusu mgawanyo wa kazi, BAKITA ishike rejista na kuisasisha kila baada ya miezi 6, bila kusubiri toleo jipya la kamusi, ambalo huchukua miaka. BASATA, inayokutana na wasanii kila siku, itoe wakusanyaji. Watu 2 kwa kila mkoa, wakileta kadi 20 kwa mwezi, wanatosha kuanzia. Bodi ya Filamu iwe na orodha ya wafasiri wa manukuu wanaoruhusiwa kuuliza na kujibiwa kabla filamu haijatoka. Maktaba ya TBC, shirika la utangazaji la taifa lililoirithi Radio Tanzania, ifunguliwe kwa kazi hii, maana mikanda ya Radio Tanzania ndiyo yenye sauti za watangazaji waliobeba maneno haya kabla yeyote hajayaandika.

Kwa COSOTA ombi letu ni dogo na linaweza kutekelezwa bila kikao kirefu. Katika kila fomu na kila kiolezo cha mkataba chenye neno prodyuza, lebo, kolabo au shoo, ongezeni mstari mmoja chini yake. Kwa prodyuza uwe hivi: "Taja jina la aliyetengeneza muziki, taja jina la aliyegharamia na kusimamia kurekodi, kama ni mtu mmoja, andika mara mbili." Kwa lebo: taja kama inamiliki rekodi, inasimamia kazi za msanii, au yote mawili. Kwa shoo: taja idadi ya dakika jukwaani na kama bendi inalipwa ndani ya kiasi hichohicho. Rasimu ya mistari kama hiyo, kwa ajili ya misimu 12 ya mikataba, tumeshaiandaa, na tuko tayari kuileta mtakapotuita.

Sisi wahariri, wafasiri wa manukuu na wakusanyaji wa misimu ya burudani,
Dar es Salaam